Baiskeli inalia, gia zinaruka, goti linauma: anzia wapi kabla hujashika spana

Kabla hujanunua kifaa chochote kipya jiulize kwanza tatizo linatokea lini, lile swali la linatokea wapi liache kwa baadaye manake ndilo linalodanganya watu wengi. Fremu ni mabomba matupu, sauti inasafiri humo ndani inavyotaka, unasikia kitu kinalia chini ya miguu unang'oa krenki nzima (ile mikono inayoshika pedali pamoja na ekseli yake) kumbe ni reli za siti. Mwili nao ni hivyo hivyo, vidole vya mkono vinakufa ganzi mtu anakimbilia glavu nene kumbe siti yake imeinamia mbele. Siti ina kesi nyingi za kujibu kuliko watu wanavyodhani.

Naongelea baiskeli za barabarani, hizi za usukani uliokunjwa na matairi membamba, ila mengi hapa yanafaa baiskeli yoyote.

Inalia kwi-kwi au tak-tak

Hii ndio inayotia watu wazimu kwa hiyo twende nayo taratibu. Panda baiskeli, shika mwendo wa kawaida mahali hapana magari, alafu acha kukanyaga, iache iende yenyewe. Mlio ukiendelea achana na krenki na pedali, shida iko kwenye kitu kinachozunguka chenyewe, yaani gurudumu, diski ya breki, beringi za habu (kitovu cha gurudumu), au hata kakokoto kamenasa kwenye tairi kanagonga lami kila mzunguko. Na usicheke, kuna ile nati ndogo ya kwenye vali ya tyubu, ikilegea inatoa tik-tik moja kila gurudumu likizunguka na mtu anaweza kwenda nayo miezi akidhani spoki inataka kukatika.

Mlio ukikoma ulipoacha kukanyaga, sasa kanyaga tena ukiwa umesimama, makalio yasiguse siti. Umekata? Basi ni siti au nguzo yake. Bado upo, tena umezidi? Ni pedali, krenki, bolti za gia za mbele, au usukani manake ukisimama unauvuta pia bila kujua. Usukani unaupima hata ukiwa umesimama kabisa chini, shika breki zote mbili, sukuma na kuvuta pembe moja ya usukani kwa nguvu, usikilize.

Alafu hesabu. Mlio unaokuja mara moja kila krenki ikizunguka, na mguu uleule, ni pedali au kliti ya kiatu (kile kipande cha chini kinachonasa kwenye pedali) au krenki ya upande huo. Unaokuja kila mizunguko miwili na kidogo hivi, hapo mtazame mnyororo, manake mnyororo wenye pingili 110 kwenye gia ya mbele yenye meno 50 unamaliza mzunguko wake wote krenki ikizunguka mara 2.2. Maana yake kuna pingili moja imekaza haikunji vizuri. Zungusha krenki kinyumenyume polepole uangalie pale mnyororo unapopita kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya nyuma, utaiona ile pingili inaruka kidogo kama imejikwaa. Ikunje kushoto kulia kwa mikono, weka tone la oili, mara nyingi inatosha.

Sasa tiba, na karibu zote ni kusafisha, grisi na kukaza sawasawa. Nguzo ya siti weka alama ya tepu pale inapoingilia kwenye fremu ili usipoteze kimo chako, itoe, futa vumbi lote ndani na nje, paka grisi kidogo uirudishe. Hiyo ni chuma kwa chuma au aluminiamu, ila kama nguzo au fremu ni kaboni usipake grisi ya kawaida, itateleza ishuke safarini na wewe utazidi kukaza mpaka kaboni ipasuke, kuna pesti yake yenye chengachenga kama mchanga. Bolti za stemu (kile kipande kinachoshika usukani) na siti zina namba imeandikwa pembeni, mara nyingi Nm 5 au 6, ifuate hiyo, tena kwa spana ya kupimia nguvu. Pedali fungua zote mbili, safisha nyuzi, grisi, rudisha, na kumbuka ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, kuifungua unazungusha kuelekea inakoenda mishale ya saa, wengi wanaikaza zaidi wakidhani wanafungua. Ekseli ya gurudumu la nyuma nayo, ile ya kubana au ya kupenya, itoe ifute pale inapokutana na fremu. Hiyo inalia mlio unaofanana kabisa na wa beringi za krenki, sijui kwanini haisemwi sana.

Beringi za krenki zenyewe ni za mwisho. Shika mkono wa krenki (sio pedali) uutikise kuingia na kutoka kuelekea fremu, ukicheza ndio una haki ya kuzifungua.

Gia haziingii, au zinaingia zikijisikia

Gawa kwa mwelekeo. Gia ikichelewa kupanda kwenye sproketi kubwa (yale meno ya duara ya gurudumu la nyuma), waya umelegea. Waya mpya ni lazima ulegee kidogo baada ya safari za mwanzo, hamna ubovu hapo, zungusha ile pipa ndogo ya kurekebishia pale waya unapoingilia kwenye direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo), ukiwa umeitazama kwa nyuma uizungushe kinyume cha saa, robo mzunguko, jaribu, robo tena. Usizungushe mara tatu kwa pamoja alafu ukashangaa umefika wapi.

Gia ikipanda vizuri lakini inagoma kushuka kwenye ndogo, hapo wengi wanacheza na hiyo pipa mpaka kesho na haitasaidia sana. Kinachoshusha mnyororo ni springi ya direla peke yake, haina nguvu kubwa, kwa hiyo waya ukiwa na kutu au uchafu ndani ya kava lake springi inashindwa kuuvuta. Mchawi mkubwa ni kile kipande kifupi cha kava kinachopinda pale nyuma kabisa kuingia kwenye direla, maji na vumbi vyote vinaishia pale. Badilisha waya na kava vyote viwili, usibadilishe waya peke yake ukauingiza kwenye kava chafu.

Kuna dalili nyingine hapa, unarekebisha leo, kesho imeharibika tena, keshokutwa tena, kila siku unaongeza robo. Usiendelee. Vuta ile raba ya kwenye shifta (kibadilishia gia cha usukani) uchungulie kichwa cha waya, hasa kwenye shifta ambazo waya unapita chini ya tepu ya usukani, manake nyuzi zinakuwa zinakatika moja moja humo ndani. Ukiziona zimechanika toa waya leo hii. Ukikatikia ndani kabisa kichwa kinabaki kwenye shifta na kukitoa ni kazi ya koleo ndogo na uvumilivu, na wakati huo wewe uko mbali na nyumbani na gia moja tu, ile ngumu kuliko zote.

Gia zikiwa sawa katikati lakini zinakwaruza mwisho, au ukirekebisha huku kunaharibika kule, uliza kama baiskeli imeanguka upande wa kulia, hata ile ya kuegeshwa ukutani ikateleza. Hanga imepinda, kile kipande kidogo kinachoshikilia direla kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi ili kipinde chenyewe fremu ipone. Simama nyuma ya baiskeli utazame vile vigurudumu viwili vya direla, vinatakiwa viwe mstari mmoja wima sambamba na sproketi, kikilala cha chini kuingia ndani kuelekea spoki basi jibu umepata. Hili usilisogeze mbele, ukiweka gia nyepesi kabisa kwenye mlima direla inaweza kuingia kwenye spoki, na hapo unapoteza direla, spoki, saa ingine fremu yenyewe.

Zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L ziache! Haziji zikajizungusha zenyewe usiku. Zinaweka mpaka wa mnyororo usitoke nje ya kaseti (sproketi zote za nyuma kwa pamoja), basi, haziponyi gia zinazoruka. Ukizigusa unakuwa na matatizo mawili.

Kwa gia za umeme angalia chaji ya betri kwanza, alafu hanga, hizo ndizo mbili za kuanza nazo.

Sasa kuruka kwa nguvu, unasimama kukanyaga kwenye kilima, krak, mguu unatumbukia. Huo ni uchakavu. Pima mnyororo na rula, toka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 24 mbele yake, mnyororo mpya unasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ukivuka 306.3 umerefuka asilimia 0.5, na kwa baiskeli zenye sproketi 11 au 12 nyuma badilisha hapo. Zenye 8 mpaka 10 unaweza kusubiri 0.75. Ukiuacha mpaka asilimia 1, milimita kama 307.8, hesabu kwamba kaseti nayo imekwenda, manake meno yanakuwa yamelika kufuata mnyororo mrefu na mnyororo mpya hautakaa humo. Ndio maana mtu anafunga mnyororo mpya baiskeli ikawa mbaya kuliko jana na kuruka kwenyewe ni kwenye sproketi moja au mbili tu, zile anazozipenda kuliko zote. Mnyororo ubadilishe mapema, kaseti itakaa.

Na oili: tone moja kwa kila rola, upande wa ndani, zungusha, subiri dakika kumi, alafu futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Oili inayofanya kazi iko ndani ya rola, ya nje inakusanya mchanga na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa. Mnyororo ukipiga kelele kama ndege ni mkavu, ukiwa mweusi unang'aa umezidishiwa.

Pancha ya tatu mwezi huu

Usitupe tyubu, isome. Matundu mawili madogo yamekaa jirani ni upepo mdogo, tairi liligonga ukingo wa shimo rimu ikaibana tyubu chini. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, kioo, waya. Upande wa ndani, unaotazama spoki, ni tepu ya rimu imesogea au spoki inachoma. Kwenye mzizi wa vali ni pampu, unasukuma huku vali inayumba, ishike kwa mkono mwingine.

Kuna mtindo mmoja mzuri sana, ukifunga tairi weka jina la tairi pale pale kwenye vali, kila mara. Siku ya pancha ukishapata tundu kwenye tyubu unaipima tu kutoka kwenye vali unajua sehemu ya tairi yenye kosa, kushoto au kulia ya jina. Manake kilichotoboa mara nyingi bado kimo. Pitisha kitambaa au pamba ndani ya tairi taratibu, sio vidole vitupu, itanasa. Kama haijanasa likunje tairi hapo uangalie kwa nje, utakuta kawaya kembamba ka matairi ya malori yaliyopasuka barabarani, karefu kama punje ya mchele, kamezama karibu kote na kanachungulia ndani ukilikunja tu. Hako ndiko kametoboa zote tatu. Kachomoe kwa kibano au kwa ncha ya pini, kidole hakikawezi.

Upepo sasa. Ile habari ya psi 120 ni ya zamani. Mtu wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 25 anza na psi 80 kwenda juu kidogo, la 28 anza 65 mpaka 70, gurudumu la mbele punguza kidogo kuliko la nyuma, alafu sikiliza mwili wako na barabara yako. Mzito ongeza, mwepesi toa. Ila soma ubavu wa tairi na rimu, zile rimu zisizo na ndoano pembeni mwisho wake ni bar 5, yaani psi 72.5, usizidishe hata kidogo manake tairi linaweza kuchomoka. Na usipime kwa kubonyeza kidole gumba, psi 60 na 90 zote kidole kinaona ni ngumu. Tyubu za kawaida zinapungua psi kadhaa kwa wiki, za lateksi zinapungua usiku kucha, kwa hiyo asubuhi ukikuta limelegea usianze kutafuta tundu.

Tairi likipata mpasuko mpana usiishie kwenye kiraka cha tyubu, tyubu itatoka kama puto kwenye huo mpasuko. Weka kitu kigumu chembamba kati ya tairi na tyubu, kipande cha tairi la zamani, ganda la jeli ya kula njiani lililokunjwa, hata noti. Kama umejaza kwa gesi ya kopo, ukifika itoe yote ujaze upepo wa pampu, kaboni dayoksaidi inapenya kwenye raba haraka na kesho utadhani una pancha nyingine. Wa tyubulesi (matairi yasiyo na tyubu), silanti, yale maji ya kuziba matundu, inakauka ndani ya miezi mitatu mpaka sita, kwenye joto mapema zaidi, tikisa gurudumu usikie kama bado inachezacheza humo.

Breki

Diski zikipiga yowe na breki hazishiki, kuna mafuta. Mara nyingi ni yule aliyepulizia mnyororo oili ya kopo bila kufunika diski. Futa diski kwa spiriti safi na kitambaa kipya, pedi zisugue kwa msasa mwembamba, zikiwa zimenyonya mafuta tupa, zisikuchoshe. Pedi mpya zinahitaji kuzoezwa, shika mwendo kama kilomita 25 kwa saa, punguza kwa nguvu mpaka karibu kusimama bila gurudumu kujifunga, rudia kama mara kumi na tano.

Zikisugua tss-tss, sikiliza. Ikigusa mara moja kila mzunguko diski imepinda, ikigusa muda wote kalipa (kile kifaa kinachoshika pedi) imekaa upande, legeza bolti zake mbili, minya breki uishikilie, kaza huku umeminya. Ila kabla ya yote angalia gurudumu limekaa vizuri kwenye fremu, hasa kama ulilitoa jana. Breki ya mafuta ikiwa laini na inafika kwenye usukani, pedi zimeisha au imeingia hewa. Ukitoa hewa soma ni mafuta gani, zipo za minero na zipo za DOT, hazichanganywi, sili zitavimba uanze upya.

Breki za rimu: chomoa vipande vya chuma vilivyonasa kwenye pedi kwa pini, vinakula rimu.

Usukani unatetemeka mteremkoni

Ukiwa bado unashuka: bana bomba la juu kwa magoti yote mawili, legeza mikono, punguza mwendo kwa breki kidogo kidogo. Kukaza mikono kunazidisha. Ukishasimama shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma kidole kikiwa pale beringi za usukani zinapokutana na fremu, ukisikia kuchezacheza zimelegea. Legeza kwanza bolti za pembeni za stemu, ndio ukaze ile ya juu kidogo, alafu rudisha za pembeni. Ukikaza ya juu huku za pembeni zimebana hufanyi kitu.

Mwili, kuanzia saa ya pili

Goti likiuma mbele, siti iko chini au unakanyaga gia nzito polepole. Likiuma nyuma, siti iko juu. Likiuma pembeni tazama kliti zimeelekea wapi. Kipimo cha kuanzia, kaa sawasawa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kushuka, ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunjika kidogo, hapo ni karibu na kimo chako. Badilisha milimita 3 mpaka 5, panda safari kadhaa, ndio ubadilishe tena. Anayeinua siti sentimita mbili kwa mpigo anahamisha maumivu toka mbele kwenda nyuma.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni neva inayopita upande wa nje wa kiganja, imegandamizwa. Angalia siti isiwe imeinama unateleza mbele unajizuia kwa mikono, usukani usiwe mbali sana, badilisha mahali pa kushika kila dakika chache. Na huko chini pakifa ganzi usivumilie ukasema utazoea, simama kwenye pedali kila dakika kumi, shusha pua ya siti kidogo, na ikiendelea siti hiyo haikutoshi upana. Bukta za pedi zinavaliwa bila chupi, naona bado kuna watu wanavaa alafu wanalalamika mshono umewachubua.

Nyayo zikiwaka moto legeza viatu, miguu inavimba njiani, na kliti zirudishe nyuma milimita chache.

Kuishiwa nguvu ghafla kuna dalili kabla, unakuwa na hasira bila sababu, kila mtu anakukera, alafu unahisi baridi na kichwa chepesi. Ukifika hapo umechelewa. Akiba ya wanga mwilini kwa mwendo wa kasi inaenda kama saa moja na nusu mpaka mbili, kwa hiyo anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza hata kama huna njaa, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Safari ikizidi saa tatu unaweza kufika 90 kama unachanganya glukozi na fruktozi na tumbo umelizoeza. Kijiko kikubwa cha sukari ni kama gramu 12, kwa hiyo hata chupa ya maji, vijiko vitatu na chumvi kidogo ni kitu.

Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa inawafaa wengi, joto likizidi ongeza. Lakini maji matupu mengi kupita kiasi nayo yanaumiza, kichwa kinauma, kichefuchefu, pete inabana kidoleni, hiyo ni chumvi ya damu imeshuka na kuongeza maji ni kumwaga petroli kwenye moto. Ukirudi na uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao ulikunywa mno. Kwenye jua kali, ukianza kutetemeka kwa baridi au akili inachanganyikiwa, safari imeisha, kivulini, jimwagie maji, ita msaada.

Baiskeli imekuwa nzito ghafla

Hii inachanganya vyote. Simama. Nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe, likisimama haraka breki inashika. La mbele vilevile. Tazama tairi la nyuma, upepo unaotoka polepole unausikia miguuni kabla hujauona. Vyote vizuri? Lini ulikula mara ya mwisho? Ulikula? Basi tazama nyuma ulikotoka, barabara nyingi zinaonekana tambarare kumbe zinapanda asilimia moja au mbili kwa kilomita kadhaa, na ukigeuka ndio unaona. Na majani yakikulalia usoni ni upepo, shika usukani chini, weka gia nyepesi, usitazame spidi.